Mstari mmoja wa maelezo: Jinsi tarakilishi kongwe zinavyotambulishwa katika kamusi elezo huru

MAELEZO mafupi ni kauli ya mstari mmoja inayowekwa chini ya jina la makala katika kamusi elezo ya mtandaoni, ili msomaji atambue mara moja jina hilo ni la kitu gani. Katika Wikipedia, kamusi elezo inayoandikwa na kuhaririwa na watu wa kujitolea, kauli hiyo huonekana mtu anapotafuta neno kwa simu yake, kabla hajafungua makala yenyewe. Mara nyingi huwa ndiyo pekee anayoisoma.

Baadhi ya vitu havihitaji utambulisho mrefu. Tarakilishi zilizotengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita, hata hivyo, zina majina yasiyomwambia chochote kijana aliyezaliwa baada ya mashine hizo kutoweka madukani: Spectrum, PET, Lisa, Osborne. Jina la kwanza laweza kudhaniwa kuwa la gazeti, la tatu kuwa la mwanamke na la nne kuwa la ukoo. Hapo mstari mmoja hubeba mzigo mkubwa kuliko urefu wake, na hapo ndipo wahariri wa kujitolea hulazimika kujadiliana neno kwa neno.

Kwa Kiswahili, mjadala huo una uzito zaidi. Mahali ambapo hakuna maelezo ya Kiswahili, msomaji hukuta nafasi tupu au huonyeshwa ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Karatina au wa Chogoria anayetaka kujifunza historia ya teknolojia kwa lugha ya taifa hukwama katika hatua ya kwanza kabisa, yaani kuchagua makala ipi afungue.

MFANO WA MERU

Wakazi wa miji inayouzunguka Mlima Kenya wana mfano ulio karibu nao wa kazi inayofanywa na maelezo mafupi. Meru ni mji. Meru ni kaunti. Wameru ni jamii inayoishi kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na Wameru wengine, wasio hao, wanaishi karibu na Arusha nchini Tanzania, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,562. Embu nalo ni jina la mji, la kaunti na la jamii. Nyeri ni mji na pia ni kaunti.

Katika mazungumzo hakuna anayechanganyikiwa. Anayesema anakwenda Meru kununua miraa hafikiriwi kuwa anapanda mlima wa Tanzania. Lakini orodha ya majina kwenye skrini ya simu haina mazungumzo yanayoitangulia wala yanayoifuata. Humo majina husimama peke yake, na kinachoyatofautisha ni maneno machache tu: “mji nchini Kenya”, “mlima nchini Tanzania”.

Hiyo ndiyo kazi yote ya maelezo mafupi. Hayakusudiwi kueleza maana kamili ya kitu, wala kukisifu, wala kusimulia historia yake. Yanakusudiwa kukitenga na vingine vinavyoweza kudhaniwa kuwa ndicho. Mhariri anayeikumbuka kazi hiyo huepuka zaidi ya nusu ya mabishano.

KANUNI ZILIKOTOKA

Wikipedia ya Kiingereza ilianza Januari 15, 2001, na ile ya Kiswahili ikaanza 2003. Oktoba 2012 ilizinduliwa Wikidata, hazina ya pamoja inayohifadhi taarifa fupi kuhusu kila kitu chenye makala, kwa lugha nyingi. Kila kitu humo kina jina, maelezo mafupi na orodha ya majina mengine kinayojulikana kwayo.

Mnamo 2017 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walilalamika kwamba maelezo yaliyotoka Wikidata yalikuwa yakionyeshwa kwa wasomaji wa simu, ilhali waharibifu waliweza kuyabadilisha bila wao kutambua. Mwaka uliofuata walipewa njia ya kuandika maelezo yao wenyewe ndani ya makala. Wikipedia nyingine nyingi, ya Kiswahili ikiwemo, ziliendelea kutegemea Wikidata. Kwa hiyo anayeandika mstari wa Kiswahili katika hazina hiyo anamwandikia kila mtu anayeisoma taarifa hiyo kwa Kiswahili, awe Nanyuki, Unguja, Bukavu au Maskati.

Miongozo inayotumika si mingi. Wikidata hupendekeza maneno kati ya 2 na 12, bila nukta mwishoni, kwa kuwa maelezo si sentensi kamili. Sifa na maoni hayatakiwi, wala mambo yanayobishaniwa, wala yale yatakayopitwa na wakati upesi. Wikipedia ya Kiingereza inalenga herufi 40 hivi, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa pia. Aidha, Wikidata haikubali vitu viwili viwe na jina lilelile na maelezo yaleyale katika lugha moja. Sharti hilo ndilo linalomlazimisha mhariri kutafuta tofauti ya kweli.

NENO LA KWANZA

Katika Kiswahili, mjadala huanza kabla ya mashine yenyewe kutajwa. Je, ni tarakilishi, kompyuta au ngamizi?

Magazeti na vitabu vya shule vya Kenya vimelizoesha neno tarakilishi. Tanzania hutumia kompyuta katika ofisi, mitaani na katika maandishi ya serikali. Ngamizi limo katika kamusi na katika maandishi ya baadhi ya wataalamu, ingawa halijasambaa sana madukani. Tofauti hiyo ina historia. Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Kenya ilikaa miongo mingi bila chombo cha aina hiyo, na istilahi zake zilienezwa na walimu, waandishi wa vitabu na vyombo vya habari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mnamo 2004, na Microsoft ilipotoa Windows kwa Kiswahili katikati ya muongo huo, kila mradi ulilazimika kuandaa orodha yake ya istilahi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi 2015, wakati mazoea ya kila nchi yalikuwa yamekwisha kuota mizizi.

Mhariri wa Nyeri na mwenzake wa Morogoro hawawezi kumaliza suala hilo katika mstari mmoja, wala hawahitaji kulimaliza. Sehemu ya majina mengine ipo kwa ajili hiyo. Jina moja huwekwa juu na mengine huingizwa pale, ili anayetafuta kwa neno lolote kati ya hayo matatu afike mahali pamoja. Kinachotakiwa ni kwamba kundi moja la mashine litumie neno moja, kusudi orodha isisomeke kama kwamba tarakilishi ni kitu kimoja na kompyuta ni kingine. Isitoshe, ni adabu ya kazi hiyo kutobadilisha neno la mwenzako kwa sababu tu si la nchi yako.

Hoja ya urefu haina nguvu. “Tarakilishi ya nyumbani ya biti 8, 1982” ina herufi 39, nafasi na alama zikihesabiwa. Kauli hiyo ikianza na kompyuta inakuwa na 36. Yote mawili yanatosha.

Kuna hatari nyingine isiyowakabili wahariri wa Kiingereza, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Tarakilishi, kompyuta na ngamizi zote huchukua “ya”. Kipakatalishi huchukua “cha”. Mtu anayebadilisha neno la kwanza kwa pupa, au anayeiachia programu ibadilishe mamia kwa mara moja, huzalisha kauli kama “kipakatalishi ya biti 16”. Msomaji anayekuta kosa hilo katika mstari wa kwanza hana sababu ya kuiamini makala inayofuata.

AINA YA MASHINE

Baada ya neno la kwanza hufuata aina. Tarakilishi kuu ni mashine kubwa iliyojaza chumba na kuhudumia idara au shirika zima. Tarakilishi ya nyumbani ni ile ndogo ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, ambayo mara nyingi iliunganishwa na televisheni ya kawaida. Tarakilishi ya kibinafsi ni jina pana la mashine ya mtumiaji mmoja, iwe ofisini au nyumbani. Mipaka kati ya aina hizo mbili za mwisho haikuchorwa kwa rula, na ndiyo sababu ya mijadala mingi.

Mfano mzuri ni Osborne 1, iliyotoka 1981. Iliuzwa kama mashine ya kubebeka, ikiwa na mpini na skrini ya inchi 5, lakini uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi. Kuiita kipakatalishi kungekuwa kosa la Kiswahili kabla ya kuwa kosa la historia, kwa sababu kupakata ni kuweka mapajani, kama mama anavyompakata mtoto. Hakuna aliyeweza kuipakata Osborne 1 akafanya kazi kwa starehe. “Tarakilishi ya kubebeka, 1981” ni kauli ya kweli, na inaeleweka Kenya na Tanzania.

MWAKA

Mwaka ni taarifa fupi kuliko zote, na humsaidia sana msomaji. Hata hivyo, huwa na mitego.

Mtego wa kwanza ni tofauti kati ya kutangazwa na kuuzwa. Commodore 64 ilionyeshwa Las Vegas Januari 1982, ikaingia madukani Agosti mwaka huohuo, kwa hiyo mwaka haubadiliki. Mashine nyingine zilitangazwa mwaka mmoja zikauzwa mwaka uliofuata. Kinachofaa ni kukubaliana mapema kwamba mwaka unaotajwa ni wa kuanza kuuzwa, na kuifuata kanuni hiyo kwa mashine zote.

Mtego wa pili ni namba zilizo ndani ya majina. Commodore PET ya kwanza iliitwa PET 2001, nayo ilitoka 1977. Msomaji asiyeambiwa mwaka atadhani mashine hiyo ni ya mwanzo wa karne ya 21. Kwa PET 2001, kuondoa mwaka ili kufupisha ni kumpoteza msomaji.

BITI NA UBISHI WAKE

Wapenzi wa mashine za zamani hupenda kutaja biti, yaani upana wa taarifa ambazo kichakataji hushughulikia kwa hatua moja. Kwa Commodore 64, ZX Spectrum ya 1982 na BBC Micro ya 1981, “biti 8” haina ubishi. Kwa IBM PC, iliyotangazwa Agosti 12, 1981, mambo ni tofauti. Kichakataji chake, Intel 8088, kilifanya hesabu ndani kwa biti 16 lakini kikawasiliana na sehemu nyingine za mashine kwa biti 8. Macintosh ya Januari 1984 ilitumia Motorola 68000, yenye rejista za biti 32 na njia ya taarifa ya biti 16.

Katika hali hiyo, wenye busara huliacha jambo hilo kwa makala, mahali ambapo aya nzima inaweza kulifafanua. “Tarakilishi ya kibinafsi ya IBM, 1981” inatosha kabisa. Hakuna mashine nyingine inayoweza kudhaniwa kuwa hiyo, na hakuna mhandisi atakayelalamika.

“YA KWANZA” NA “KONGWE”

Neno linalozua vita kuliko yote ni “ya kwanza”. ENIAC ya Marekani ilikamilika 1945. Mashine ya Manchester iliyopewa lakabu ya Baby iliendesha programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake Juni 21, 1948. Kenbak-1 ilitoka 1971, na Altair 8800 ikapata umaarufu 1975. Kila moja kati ya hizo huitwa ya kwanza na watetezi wake, kwa kigezo tofauti. Kigezo hakienei katika mstari mmoja, kwa hiyo dai lenyewe halina nafasi humo. Mwaka ukitajwa, msomaji atalinganisha mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa maneno ya kupima umri. Kongwe lina heshima ndani yake. Kuukuu na chakavu yana dharau. “Ya kale” humfanya mtu afikirie makaburi ya wafalme wa Misri. “Ya zamani” ni la haki zaidi, lakini uzamani hutegemea anayetazama. Mashine iliyotupwa na kampuni ya London iliweza kuwa mpya kabisa kwa shule ya Kieni. Wachuuzi wa Kenya wanaziita mashine hizo ex-UK, jina la biashara linaloeleza zilikotoka bila kueleza zilitengenezwa lini. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalofaa katika maelezo mafupi. Mwaka hufanya kazi yake bila kumheshimu wala kumdharau mtu.

JINSI YA KUAFIKIANA

Uamuzi katika Wikipedia hufikiwa kwa maafikiano, wala si kwa wingi wa kura. Hoja yenye ushahidi hupewa uzito kuliko idadi ya wanaoiunga mkono. Kwa maelezo ya tarakilishi, utaratibu ufuatao unafaa.

Kwanza, wahariri wakubaliane kuhusu muundo: aina ya mashine, sifa moja bainifu ikiwa ipo, kisha mwaka wa kuanza kuuzwa. Pili, waujaribu muundo huo kwa mashine 5 au 6 zinazotofautiana kabla ya kuutumia kwa mamia. Tatu, panapotokea ubishi kuhusu sifa, sifa hiyo iondolewe hadi ushahidi upatikane, kwa kuwa upungufu hurekebishwa kwa urahisi kuliko uongo uliokwisha kusambaa. Nne, sababu ya kila uamuzi iandikwe kwenye ukurasa wa majadiliano, ili atakayekuja baada ya miaka 5 asirudie ubishi uleule.

Kwa kufuata muundo huo, orodha fupi ingesomeka hivi:

Commodore PET – tarakilishi ya kibinafsi, 1977

BBC Micro – tarakilishi ya nyumbani na shule, 1981

Osborne 1 – tarakilishi ya kubebeka, 1981

ZX Spectrum – tarakilishi ya nyumbani ya Uingereza, 1982

Commodore 64 – tarakilishi ya nyumbani ya biti 8, 1982

Hakuna mstari kati ya hiyo unaomaliza habari ya mashine yake. Kila mmoja unamwezesha msomaji kujua kama amefika alikokusudia.

HISTORIA ILIYO KARIBU

Swali linalobaki ni mahali pa kuweka historia ya tarakilishi za Afrika Mashariki, ambayo haimo katika orodha hiyo. Mfano unaojulikana ni wa Tanzania. Tarakilishi ya kwanza ya serikali ya nchi hiyo, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha 1965. Matatizo ya mifumo ya wizara hiyo yalichangia uamuzi wa 1974 wa kupiga marufuku uingizaji wa tarakilishi nchini humo. ICT 1500 yenyewe ilikuwa RCA 301 ya Marekani, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza kwa jina jingine.

Maelezo mafupi ya ICT 1500 hayawezi kuwa “tarakilishi ya Wizara ya Fedha ya Tanzania”, kwa sababu modeli hiyo iliuzwa kwingine pia. Kinachoelezwa ni modeli, na mashine moja iliyokaa Dar es Salaam ni sehemu ya historia yake. Kisa cha Tanzania kinastahili aya katika makala, tena aya ndefu. Mhariri asiyeitofautisha modeli na mashine moja ataupotosha mstari, na asiyeiandika aya hiyo ataifuta historia.

Kanuni hiyohiyo inahusu miji ya Mlima Kenya. Tangu 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limesambaza katika shule za nchi tarakilishi zilizokwisha kutumiwa na kufanyiwa ukarabati. Modeli zake hazikubuniwa hapa, kwa hiyo jina la Kenya haliingii katika maelezo yake mafupi. Lakini namna zilivyotumika katika madarasa ya hapa ni habari ambayo haitaandikwa na mhariri wa Ulaya, kwa kuwa haijui.

Mahali pa kuifanya kazi hiyo papo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoanza 1972 kama taasisi ya teknolojia, kikawa chuo kikuu kishiriki 2007 na kupata hati yake Desemba 2012, kiko Nyeri, na ndani ya eneo lake mna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na saketi ndogo za kielektroniki. Karatina, Embu, Meru, Chuka, Kirinyaga na Murang’a nazo zina vyuo vikuu vya umma. Vifaa vinavyobuniwa au kuunganishwa nchini leo, mathalan vipakatalishi vya Taifa vya JKUAT mjini Juja, vitakuwa vya zamani baada ya muda usio mrefu. Hivyo jina la Kenya litakuwa na haki ya kuingia katika mstari wenyewe, kwa kuwa ndiko vilikotoka.

Mchangiaji hahitaji kibali cha ofisi yoyote kuandika maelezo hayo. Anahitaji kuijua mashine moja vizuri, kuwa na chanzo kinachoaminika cha mwaka wake, na kuwa tayari kusahihishwa na mtu asiyemfahamu. Maneno yake sita au saba yatasomwa na wengi kuliko makala yenyewe, na wengi wao hawatajua kamwe kwamba yalijadiliwa.